Watu Elfu Kumi na Moja Walioinama

Ipo nchi moja, na ukiitambua basi ni wewe uliyeitambua. Mimi sijanyoosha kidole. Ina mlima, ina mto, ina foleni ya kila kitu, na watu wake ni wachangamfu mno. Ukipiga chafya mtaa wa kwanza, mtaa wa tatu wanakutakia afya, na mtaa wa tano wanajua kwa nini jana ulilala bila blanketi.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Ridhaa. Wataalamu wake walikaa vikao kumi na vinne, wakatafuna korosho za kutosha, na mwisho wakagundua kwamba matatizo yote ya taifa yanaanzia kwenye filimbi. Raia akizoea kusema Jumapili kwamba refa amekosea, walieleza, Jumatatu atamwambia karani amekosea, Jumatano atamgeukia diwani, na ikifika Ijumaa nani atabaki salama? Ndipo ikatungwa Sheria ya Filimbi: kocha, mchezaji, shabiki na yeyote mwenye mdomo, marufuku kumkosoa refa hadharani.

Isije ikasemwa kwamba wananchi hawakushirikishwa. Redio ya taifa iliendesha mjadala wiki sita: je, makocha na wachezaji wayaseme hadharani maamuzi ya marefa? Kwa ajili ya usawa, upande wa kulia walikaa waliosema hapana, na upande wa kushoto waliosema hapana kabisa. Mjadala ulikuwa mkali. Bwana mmoja wa upande wa kushoto nusura azirai.

Kisha, kurahisisha mambo, ukaanzishwa Cheti cha Kuridhika. Kila kocha alikijaza siku ya mechi saa nane kamili mchana, nakala tatu: "Mimi niliyetia saini hapa chini nimeridhika, kwa moyo mkunjufu, na maamuzi yote ambayo refa atayatoa." Zamani watu walikuwa wakisubiri waonewe kwanza ndipo waanze kujiuliza kama wameridhika. Muda mwingi ulipotea hapo. Sasa shughuli ilikuwa imekwisha kabla mpira haujawekwa katikati.

Tangu sheria ianze, mtu mmoja tu alikuwa ameikanyaga: kocha Mapande, miaka kumi na tisa nyuma, aliyesimama mbele ya watu akasema, "Ile haikuwa penalti." Alitafuta mashahidi, hawakupatikana. Sasa alikuwa mzee wa nyumba ya mwisho mtaa wa Pembe Nne, na watu wakipita mbele ya mlango wake walikuwa wakikumbuka ghafla kutazama saa. Hata wale wasiokuwa na saa.

*

Mtaa huohuo wa Pembe Nne, mwanzo kabisa, ndipo lilipokuwa banda la Yahaya Bwika, fundi baiskeli. Mabati manne, beseni la maji la kutafutia pancha, pampu moja ndefu, na benchi ambalo halijawahi kupoa kwa watu. Bwika hakuwa na cheti cha shule yoyote, lakini ungemletea gurudumu lililopinda kama chapati angelizungusha mara mbili, akakaza spoku tatu, likatoka limenyooka. Na jioni alikuwa kocha wa Spoku, timu ya mafundi baiskeli wa mji mzima.

Ukocha aliuchukua kwa Mapande. Jinsi alivyouchukua hakupenda kuzungumzia, na watu wa Pembe Nne, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, hawakuuliza.

Roho ya Bwika ilikuwa kwa mshambuliaji wake, Faraji, ambaye mji mzima ulimwita Faraji Tobo kwa jinsi alivyopenda kuwapitisha mabeki mpira katikati ya miguu. Bwika alimkuta akicheza peku kwenye kokoto. Viatu vyake vya kwanza alimshonea mwenyewe, kwa ngozi ya siti za baiskeli kuukuu. Faraji alikula kwa Bwika, alilala kwa Bwika, na alipofunga goli alikimbilia kwa Bwika kabla ya kukimbilia kwa wenzake.

Mwaka huo, kwa mara ya kwanza tangu iundwe, Spoku ilibakiza mechi moja tu ipande daraja la kwanza. Wapinzani walikuwa Protokali FC, timu ya Idara ya Itifaki. Wachezaji wa Protokali walikuwa watu wastaarabu: kabla hajakuvunja mguu atakuinamia kidogo. Na sheria za ligi zilisema wazi kwamba timu zikitoka sare, atapanda mwenye pointi nyingi za adabu. Protokali walikuwa nazo mia nne na sita. Spoku walikuwa nazo mbili, na hizo walipewa mwaka ambao hawakucheza.

Kwa hiyo Bwika alihitaji goli moja. Saa nane kamili alitia saini nakala zake tatu huku akitazama nyasi, na saa kumi kipyenga kikalia.

Uwanja ulitapika. Watu elfu kumi na moja walikuwa mle ndani, achilia mbali waliokuwa juu ya kuta. Bi Sikudhani, mama vitumbua wa Pembe Nne na kiongozi wa ushangiliaji, alikuwa amejifunga kibwebwe na ngoma mbele.

Dakika ya themanini na nane Faraji aliupokea mpira pembeni, akamtoboa beki wa kwanza, akamtoboa wa pili aliyekuwa bado anainama, akaachia shuti. Mpira ukaingia. Sisemi ulikaribia kuingia. Uliingia, ukagonga nyavu, nyavu zikavimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu, ukashuka chini ukatulia. Kipa wa Protokali alikwenda kuuokota hukohuko ndani huku akiwaomba wenzake radhi mmoja mmoja kwa majina yao kamili.

Refa, Kondo Malulu, aliinua mkono kuelekea katikati ya uwanja. Mkono ukafika nusu ya safari. Akatupa jicho jukwaa kuu, kwenye kile kiti kikubwa chenye mto wa zambarau. Aliyekuwa amekikalia, Mheshimiwa Lukonge, Waziri wa Ridhaa, alikuwa ameacha kujipepea.

Mkono wa refa ukabadili mawazo. Akaonesha goli kiki.

Bi Sikudhani alikuwa katikati ya kigelegele. Waliokaa karibu naye wanasema alikimeza, na kilisikika kikishuka.

*

Mechi ikaisha bila kwa bila, Protokali wakapanda daraja kwa adabu. Utaratibu ukafuata: kocha aliyekosa anapewa kipaza sauti amshukuru refa. Maneno yalikuwa yaleyale miaka yote, hata watoto waliyajua kwa moyo: Refa amechezesha vizuri, makosa ni yetu, tunarudi kujipanga.

Bwika akashika kipaza sauti. Akafungua mdomo. Maneno yakagoma. Akakohoa, akajaribu tena, na yaliyotoka yalikuwa mawili tu.

"Mpira uliingia."

Akakifuta kile kipaza sauti kwa leso, maana alilelewa vizuri, akakirudisha.

Asubuhi ya pili banda lilijaa mpaka watu wakakalia magurudumu. Chai ilitoka nyumba hii, vitumbua nyumba ile, na kila aliyeingia alisimulia lile goli kwa wale waliokuwepo.

"Mimi nyavu zilinipulizia upepo usoni!" alisema Kibwana Mafuta, mchua misuli wa timu, mtu aliyenukia dawa ya misuli hata akitoka kuoga. "Nilikuwa nyuma ya goli palepale. Nikasema, haya, leo tumekufa na mtu."

"We Kibwana nyuma ya goli ulikuwa unafuata nini na wagonjwa wako wako benchi?" Bi Sikudhani alimdaka.

"Bi mkubwa, usinichokoze mbele za watu."

"Nakuchokoza wapi? Nauliza tu. Lakini hata ningekuwa kipofu, lile goli ningelinusa." Akajipiga kifua. "Kocha, wewe tulia. Wakikuita, mimi nitasimama mbele yao na khanga yangu hii, niwaambie bila kupepesa. Wanifanye nini? Waninyang'anye chuma cha vitumbua?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Faraji Tobo alikuwa ameketi miguuni pa Bwika, mkono juu ya goti la mzee.

"Mzee," alisema, "mguu uliopiga ni huu hapa. Wakitaka nitaupeleka ukaseme wenyewe."

Bwika hakuwa mtu wa machozi. Akaichukua pampu akaanza kujaza tairi ambalo lilikuwa limeshajaa.

Saa nne ikaja pikipiki ya Wizara. Karani mwenye tai akashuka, akasalimia vizuri, akakubali kitumbua kimoja, akafungua karatasi.

"Yahaya Bwika, fundi. Unaitwa mbele ya Tume ya Ridhaa Alhamisi ijayo. Kosa la kwanza: kumkosoa refa hadharani. Kosa la pili: kuona bila kibali."

"Kuona bila kibali?"

"Ndiyo. Jambo ambalo refa hakuliona, halina ruhusa ya kuonekana. Lakini usihofu, kocha, serikali yako si ya watu wakatili. Kifungu cha tano kinasema ukileta mashahidi watatu walioona kama wewe, kesi imekwisha na goli linaandikwa."

Banda zima likapiga kelele. Watatu! Walikuwepo elfu kumi na moja!

"Na nikikosa?" Bwika aliuliza.

Karani akafuta mafuta ya kitumbua vidoleni kabla ya kugeuza ukurasa. "Ukikosa, utazuiwa maisha yako yote kugusa kitu chochote cha duara kinachojazwa upepo."

Watu wakautazama mpira uliokuwa chini ya benchi. Halafu, taratibu, wakayatazama matairi: yaliyoning'inia, yaliyoegemezwa, yale waliyoyakalia. Bwika alikuwa bado ameshika moja mkononi.

"Wataje watatu niwaandike," karani alisema.

"Bi Sikudhani," Bwika alisema. "Kibwana Mafuta. Na mwanangu Faraji."

Wote watatu wakaitikia, na Bi Sikudhani akaitikia kwa kigelegele. Safari hii hakukimeza.

*

Jumatatu Wizara ya Ridhaa ilifungua kliniki ya macho, bure, kwa wote waliokuwa uwanjani siku ile. Ulikuwa ni upendo tu. Mgonjwa aliketishwa, akaoneshwa picha ya goli lenye mpira ndani, akaulizwa anaona nini. Aliyesema anaona mpira aliandikiwa dawa na kuombwa abaki kwa uangalizi zaidi. Aliyesema haoni kitu alipongezwa kwa macho mazuri, akapewa kofia.

Kufikia Jumanne jioni mji ulikuwa umejaa kofia.

Na ikaanza kujulikana jambo la ajabu. Ilionekana kwamba dakika ya themanini na nane, watu wengi sana walikuwa wameinama. Huyu alikuwa anaokota karanga. Yule alikuwa anamtafuta mwanawe chini ya benchi. Bwana mmoja alikuwa anatafuta jino. Gazeti la serikali likafanya uchunguzi wa kina, likapata kwamba katika watu elfu kumi na moja waliokuwa uwanjani, elfu kumi na moja walikuwa wameinama, na likaandika tahariri kusifu unyenyekevu wa taifa.

Benchi la Bwika likaanza kupoa. Jumatano asubuhi alimfuata Kibwana Mafuta kwake, akamkuta mlangoni na kofia mpya imemkaa upande.

"Kocha, wallahi niliona," Kibwana alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nimefikiri sana. Mimi nilikuwa nyuma ya goli. Mtu wa nyuma anaona mambo kinyumenyume. Je, kama nilichokiona ni mpira unatoka?"

"Unatoka wapi, Kibwana?"

"Sasa hapo ndipo panaponichanganya."

Kwa Bi Sikudhani hakufika. Alimkuta njiani, na chuma chake cha vitumbua kichwani. Wizara ilikuwa imemwomba awe anakaangia hukohuko kantini, chini ya feni. Bi Sikudhani alipomwona, yeye mtu wa maneno yasiyokwisha, akatafuta la kusema kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

"Kocha, khanga ilinidondoka," alisema mwishowe.

"Ulikuwa umejifunga kibwebwe, Bi. Kilikaa tangu dakika ya kwanza."

"Basi ngoma. Ngoma ilinidondoka." Akaweka chuma vizuri kichwani. "Usinitazame hivyo, Yahaya. Mimi nina wajukuu watano."

Akaenda. Alikuwa hajawahi kumwita Yahaya tangu apewe ukocha.

Alasiri ya siku hiyohiyo akaja mteja mmoja tu bandani, akikokota baiskeli yenye pancha gurudumu la nyuma. Bwika alitambua miguu kabla ya uso, ile miguu ya mtu aliyezoea kukimbia kinyumenyume. Alikuwa Refa Kondo Malulu.

Hawakusalimiana. Bwika akafungua tairi, akatoa tyubu, akaizamisha ndani ya beseni. Mapovu yakapanda.

"Hapo," refa alisema.

"Hapo nini?"

"Hapo panapotoa upepo. Nimepaona."

"Kumbe unaonaga," Bwika alisema.

Refa akachutama kando ya beseni. Akatazama huku, akatazama kule. "Kocha. Uliingia."

Bwika alikuwa anasugua tyubu kwa msasa. Mkono ukasimama.

"Uliingia wote," refa aliendelea. "Niliuona kuliko ulivyouona wewe. Nilikuwa karibu kuliko wewe. Silali, kocha. Nikifumba macho naona nyavu."

"Basi kesho twende wote. Useme hivyohivyo ulivyosema hapa. Sitahitaji hata mashahidi."

Refa akamtazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Kocha wangu, sheria umeisoma? Marufuku mtu yeyote kumkosoa refa hadharani. Na mimi ni mtu."

"Unajikosoa mwenyewe!"

"Mwenyewe ni nani? Si refa?" Akashusha pumzi. "Mimi natii sheria. Nikianza kumsema refa hadharani, kesho nitaheshimika vipi uwanjani?"

Bwika akapaka gundi, akabandika kiraka, akagonga kwa nyundo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Akajaza upepo, akamgeuzia baiskeli. Refa akapanda, akaendesha hatua chache, akasimama.

"Umeitengeneza vizuri," alisema. "Mimi kazi nzuri huwa naisema."

Bwika akabaki na mmoja. Wala hakuogopa. Faraji alikuwa hajaonekana tangu Jumatatu, lakini alikuwa ametuma ujumbe: Mzee usijali, tutaonana hukohuko. Bwika aliusoma mara nyingi. Usiku alimwambia mkewe kwamba wale wengine wamemruka futi mia, sawa, lakini Tume itafanya nini mfungaji mwenyewe akisimama? Mguu wenyewe ukisimama? Na Alhamisi asubuhi, kabla ya kuvaa, alitoa sandukuni vile viatu vya ngozi ya siti, vidogo kama vikombe, akavitia mfukoni mwa koti. Alitaka kijana akishuka kizimbani amwoneshe.

*

Ukumbi wa Tume ulijaa mpaka madirishani. Nchi hiyo haikuwa na watu wa kususia kesi. Walikuja wote, na kofia zao.

Mheshimiwa Lukonge aliongoza mwenyewe. Alifungua kwa hotuba ya dakika hamsini juu ya umuhimu wa ufupi, kisha akainua Cheti cha Kuridhika.

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu, Mheshimiwa."

"Uliitia saa nane. Goli unalodai liliingia saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na dakika kama arobaini na tatu."

"Kwa hiyo ulikwisha ridhika nalo saa tatu na dakika arobaini na tatu kabla halijakataliwa." Akawageukia wajumbe. "Sijapata kuona mtu aliyewahi kuridhika namna hii halafu akalalamika. Wangapi hapa wamepata kuridhika mapema hivi?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kustaajabu.

Kibwana Mafuta akaitwa. Akasema yeye siku ile aliona mpira unatoka, ila hajui ulikotoka. Bi Sikudhani akaitwa. Akasema alikuwa ameinama, ngoma ilidondoka, na aliposimama mpira ulikuwa kwa kipa. Alisema hayo akitazama dari, na machozi yakimtoka. Mheshimiwa akaamuru iandikwe kwamba shahidi aliguswa na ukarimu wa Tume.

"Faraji, maarufu Tobo!"

Mlango ukafunguliwa. Faraji aliingia na suti ya mazoezi ya timu ya taifa, bado ina mikunjo ya kwenye mfuko. Ukumbi ukanong'ona. Bwika akanyanyuka nusu kitini, uso umemng'aa, kwa sababu furaha ya kwanza iliyomjia, Mungu ni shahidi, ilikuwa kwamba kijana wake ameitwa timu ya taifa. Ile fikra ya pili ilichelewa.

"Wewe ndiye uliyepiga?"

"Ndimi, Mheshimiwa."

"Ulikusudia nini?"

Faraji akalamba midomo. "Kukosa, Mheshimiwa."

"Na ukafanikiwa?"

"Nilifanikiwa."

"Nani alikufundisha umahiri huo?"

"Kocha," Faraji alisema, akimtazama karani badala ya Bwika. "Tangu mdogo ananiambia, mchezaji haamui. Sikiliza filimbi. Filimbi ikisema hapana, ni hapana. Mimi nasikiliza filimbi. Hayo mengine ameyatoa wapi, sijui."

Ni kweli alikuwa amemwambia hivyo. Alimwambia maelfu ya mara, pale kwenye kokoto, kijana akigombana na wenzake, ili asipigwe kadi. Bwika aliingiza mkono mfukoni, akavishika vile viatu vidogo.

"Faraji," alisema. "Mwanangu. Ulinikimbilia. Ulipofunga ulinikimbilia, ukanirukia shingoni. Kama ulikosa, ulikuwa unakimbilia nini?"

Faraji akafungua mdomo. Kwa muda kama wa kupuliza filimbi, alikuwa tena yule mtoto wa peku.

"Nilikuwa nakuja kukuomba radhi, Mzee," alisema. "Kwa kukosa."

Mheshimiwa Lukonge akapiga meza, akiwa amefurahi kweli. Akaomba faili jingine, la zamani, lenye vumbi.

"Bwana Bwika, Tume haina kinyongo nawe. Tena ina deni la shukrani. Wananchi wanadhani utetezi huu wa kuinama umebuniwa wiki hii. Hapana! Una mwenyewe." Akasoma. "Kesi ya kocha Mapande. Shahidi wa pekee aliyetegemewa, msaidizi wake, kijana Yahaya Bwika. Alipoulizwa kama aliona ile penalti, alijibu: 'Nilikuwa nimeinama nikifunga kamba za viatu.'" Akafunga faili. "Karani wa wakati ule ameandika pembeni kwamba shahidi alikuwa amevaa kandambili. Lakini Tume haikukuumbua. Ilikupa timu. Bwana Bwika, wewe ndiye uliyetuonesha njia. Mpigieni makofi mwasisi wetu!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Walikuwa watu wachangamfu.

*

Mchana huohuo lori la Wizara lilibeba magurudumu, matairi, tyubu na ule mpira wa chini ya benchi. Pampu waliiacha kwa sababu haikuwa ya duara. Mafundi wenzake walisaidia kupakia.

Bwika alikaa kidogo kwenye benchi lililopoa. Kisha akainuka, akashika mtaa kuelekea chini, akapita nyumba moja moja mpaka ya mwisho. Ilikuwa saa ambayo Pembe Nne hujaa: watoto, wauza mihogo, vijana wa karata, Bi Sikudhani akirudi kutoka kantini. Na Faraji alikuwepo, kazungukwa, akiwasainia watoto kofia zao. Wote walimwona Bwika anakokwenda, na wote wakatazama saa.

Alibisha. Mapande akafungua mwenyewe, mzee mwembamba mwenye shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni, kama mtu anayesubiri kuitwa mahali.

"Shikamoo, kocha."

Mapande hakuitikia.

"Kocha, ile haikuwa penalti," Bwika alisema. "Niliona. Sikuwa nimeinama. Beki aliucheza mpira tu, wala hakumgusa mtu. Niliona yote."

Mzee alisimama ameshika ubao wa mlango. Miaka kumi na tisa ilipita usoni mwake, na haikupita haraka.

"Kuna mtu mwingine amekusikia?" aliuliza.

"Hapana, kocha. Nimekuja kukwambia wewe."

"Basi bado hujasema."

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga tu, na komeo likasikika.

Bwika akageuka. Mtaa mzima ulikuwa mbele yake, umejaa kama uwanja. Akavuta pumzi ambayo ingejaza tairi la lori.

"Ile haikuwa penalti!" alipiga kelele. "Na mpira uliingia! Faraji, unanisikia? Uliingia!"

Karata zikadondoka. Mihogo ikadondoka. Chuma cha vitumbua kikadondoka. Na mtaa wa Pembe Nne, wazee kwa watoto, ukainama wote kwa pamoja kuokota, migongo juu kama kondoo malishoni. Faraji aliinama kuliko wote. Alikuwa akifunga kamba za viatu, anafunga na kufungua, anafunga na kufungua, na hakuinua kichwa mpaka mzee alipokwisha pita.

Bwika alipita katikati ya migongo hiyo peke yake, amesimama wima, na kwenye kizingiti cha banda lisilo na kitu akaweka viatu viwili vidogo vya ngozi ya siti. Vilikuwepo mpaka jua lilipozama. Aliyevichukua hajulikani.

Haya ndiyo niliyosimuliwa, na sikuongeza chumvi. Mngependa kuniuliza kama na mimi nilikuwepo mtaani saa ile. Nilikuwepo. Lakini mtanisamehe, kuna kitu kilikuwa kimenidondoka.